Ngozi Moja, Maana Nyingi: Kazi ya Ngozi, Asili Yake na Istilahi Zake katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaitazama kazi ya ngozi kwa macho ya mwanaisimu ambaye pia hushona ngozi nyumbani kwake kwa kujipumzisha. Hoja yetu ni kwamba neno ngozi, ambalo ni la kale sana katika Kiswahili, limebebeshwa vitu ambavyo fundi hawezi kuvichanganya bila hasara. Tunachunguza asili ya neno, namna ngozi inavyotengenezwa, ukale wa kazi yenyewe, mshono, marekebisho na rangi, kisha tunatetea kitenzi kudibaghi kipewe nafasi katika istilahi rasmi.

1.0 Utangulizi

Si desturi ya majarida ya aina hii kuanza na kisa cha nyumbani. Tunaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa kisa chenyewe ndicho kilichozaa swali la makala haya. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Njombe, na kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini alichukulia madaftari ya wanafunzi katika mkoba mmoja wa ngozi ya kahawia. Alipofariki, mkoba ule ulinifikia mimi. Ulikuwa umeshika ukungu, mshono wa ukanda wake umefumuka, na vumbi la chaki limejaa katika mikunjo. Mwaka 2011 niliamua kuusafisha. Nilikuwa nimewahi kumwagikiwa na maji ya kuchemka jikoni, yakaingia katika viatu vyangu vya ngozi, navyo vikakauka bila kudhurika. Kwa kuifuata hoja hiyo niliutia mkoba katika beseni la maji ya moto na sabuni, nikausugua, kisha nikauweka kando ya jiko la mkaa ukauke. Kufikia jioni kifuniko kilikuwa kimesinyaa na kujikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa, na nilipojaribu kukikunjua kilipasuka.

Niliupeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee ambaye amekaa chini ya mwarobaini ule ule kwa miaka mingi. Aliutazama, akaugonga kwa ukucha, akasema kwa upole, "Mwalimu, ngozi hii imekufa. Hii si ngozi kama ya kiatu chako." Nilimjibu kwamba ngozi ni ngozi. Alicheka, akanipa kigoda.

Tangu siku ile, Jumamosi zangu nyingi nimezipitisha pale, na baadaye nyumbani kwa zana zangu mwenyewe. Kwa bahati mbaya shughuli ya namna hii haina jina lililokubalika katika Kiswahili. Neno uraibu, ambalo zamani lilitaja mazoea ya kujifurahisha kama vile kutafuna tambuu, siku hizi limeelekezwa zaidi kwa utumwa wa dawa za kulevya, na mtu akisema ana uraibu wa ngozi atapelekewa mshauri nasaha. Tutasema tu kazi ya mapumziko.

2.0 Neno ngozi na jamaa zake

Neno ngozi si la mkopo. Katika Kinyarwanda lipo neno ingobyi, katika Kiganda na Kinyankole engozi, na katika Kikuyu ngoi. Maneno haya yanalingana kifonolojia: *b ya Kibantu cha kale imebaki katika Kinyarwanda, imedondoka katika Kikuyu kama ilivyo kawaida ya lugha hiyo, na katika Kiswahili, kwa kuwa ilifuatwa na irabu funge ya mbele, imekuwa kikwamizi. Badiliko hili si la pekee. Kutokana na kitenzi iba Kiswahili kimepata mwizi, ambaye katika baadhi ya lahaja, na katika ushairi, huitwa mwivi. Basi z na v ni matokeo mawili ya sauti moja, na kwa kigezo hicho hicho neno govi, linalotaja ngozi inayoondolewa jandoni, yumkini ni ndugu wa damu wa ngozi, ingawa wazungumzaji wengi hawauoni undugu huo.

Linalovutia zaidi ni maana. Katika lugha za jirani tulizozitaja, neno hili halitaji ngozi ya mwili. Ngoi ya Kikuyu na ingobyi ya Kinyarwanda ni mbeleko, kile kifaa cha kumbebea mtoto mgongoni, ambacho zamani kilikuwa cha ngozi ya mnyama. Katika kusini-magharibi ya Uganda, engozi ni machela ya kubebea wagonjwa milimani, na vikundi vya vijiji vilivyoundwa kwa ajili ya kazi hiyo vimechukua jina hilo. Yaani mahali pengine ngozi ni kitu kilichokwisha kutengenezwa kwa mkono wa mtu na kupewa kazi, lakini kwetu neno limeenea hata likafunika ngozi ya uso wa mtoto, gozi la ng'ombe lililoanikwa juani, na ngozi ya kiatu dukani. Upana huo ndio ulioniponza.

Neno nguo nalo lingestahili makala yake. Mzizi wake umeenea mno katika Kibantu. Wazulu husema ingubo kwa maana ya vazi au blanketi, nasi tumeidondosha b kati ya irabu. Kwa kuwa kabla ya ufumaji kuenea sehemu kubwa ya bara hili ilivaa ngozi na magome ya miti, mtu anaposema nguo anatumia neno ambalo huenda lilianza safari yake likiwa na harufu ya mnyama.

Kiarabu nacho kimetuachia ngozi ndani ya maneno ambayo hatuyashuku. Mzizi j-l-d, ambao kwa Kiarabu ndio wa neno jild, yaani ngozi, umetupa jalada la kitabu, kwa sababu vitabu vilivikwa ngozi, na umetupa mjeledi, kwa sababu mwili ulichapwa. Mwanafunzi anayesoma jalada la pili la jarida fulani, na mtumwa aliyepigwa mjeledi, wamekutana katika mzizi mmoja. Kiswahili kimefanya jambo kama hilo kwa rasilimali zake chenyewe: kiboko ni mnyama, na kiboko ni fimbo iliyokatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani adhabu ya viboko ishirini na vitano ilizoeleka mno hata hesabu yenyewe, hamsa-ishirini, ikawa jina la adhabu.

Mifano mingine tunaipitia haraka. Kiriba cha maji ni Kiarabu. Champali ni za Kihindi. Ukanda, uliokuwa mkato mwembamba wa ngozi, sasa ni ukanda wa pwani, na kanda ni za kunasia sauti. Gozi, ukubwa wa ngozi, limekuwa mpira wa miguu katika kauli za watangazaji, na limeendelea kusakatwa hivyo ingawa tangu mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1986 huko Meksiko mpira rasmi hauna ngozi hata kidogo.

Methali mbili zinastahili kutajwa kwa kuwa ndani yake mna utaalamu. Ya kwanza ni "Ngozi ivute ili maji". Wanafunzi wangu wengi huisoma ili kama kiunganishi cha kusudi, wakadhani ngozi inavutwa ili itoe maji. La hasha. Ili hapa ni kiambishi cha ngeli pamoja na kitenzi kishirikishi li: ivute ikiwa bado maji. Fundi yeyote wa ngoma anajua sababu. Ya pili ni "Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake". Mwamba huyu si jiwe. Ni mtendaji wa kuwamba, kitenzi ambacho Kiswahili kimekitenga kwa ajili ya kutandaza na kukaza ngozi au kamba juu ya fremu. Lugha yenye kitenzi mahususi kama hicho haiwezi kushtakiwa kwamba haina msamiati wa ngozi. Ina pengo mahali pamoja tu, napo ndipo tunapoelekea.

3.0 Ngozi mbichi, ngozi kavu, ngozi iliyodibaghiwa

Ngozi ya mnyama aliyechunwa ni fumo la nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosokotana tatu tatu kama kamba. Ikiachwa ilivyo, huoza. Ikitiwa chumvi au kuanikwa kwa mambo juani, huacha kuoza kwa sababu vijidudu havina maji, lakini kolajeni yenyewe haijabadilika. Irudishe majini nayo itavimba na kuanza kunuka tena. Ngozi ya ngoma ni ya namna hiyo, na kwa ajili hiyo wapigaji huipasha moto kabla ya kuipiga.

Jambo la tatu ni tofauti kabisa. Ngozi iliyoondolewa manyoya kwa chokaa na kuparwa upande wa nyama hutiwa katika maji ya magome, maganda au matunda yenye ukakasi. Ukakasi ule ni tanini, ambayo hujishika katika nyuzi za kolajeni, ikaziba nafasi ambazo maji na vijidudu vingeingilia. Kazi hii huchukua majuma, na kwa gozi nene miezi. Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza nchini Marekani ya kutumia chumvi za kromiamu badala ya magome, na mwaka 1893 Martin Dennis akairahisisha njia hiyo, hata kazi ya miezi ikawa ya siku moja au mbili. Kromiamu huunganisha nyuzi jirani kwa nguvu zaidi kuliko tanini. Ngozi mbichi ikitiwa katika maji huanza kusinyaa kwenye joto la nyuzi 65 hivi za Selisiasi. Ya magome husinyaa kati ya 70 na 85. Ya kromiamu iliyotengenezwa vizuri hustahimili hata maji yanayochemka. Viatu vyangu vilikuwa vya kromiamu. Mkoba wa baba ulikuwa wa magome.

Kiswahili cha viwandani na cha magazeti hukiita kitendo hiki kutengeneza ngozi au kusindika ngozi. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipomfikia Simoni wa Yafa aliyekaa kando ya bahari, walimwita mtengenezaji wa ngozi, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini fundi anayeshona kiatu naye anatengeneza ngozi. Kusindika, kwa upande wake, ni kitenzi kilichopanuliwa mno: maziwa husindikwa, matunda husindikwa, samaki husindikwa. Hakuna kati ya maneno haya linalosema lile la msingi, kwamba ngozi imegeuzwa isiweze kurudi ilivyokuwa.

Hata hivyo tofauti hii ilifundishwa katika pwani yetu kwa karne nyingi, tena kwa uangalifu ambao mkemia angeuheshimu. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyotawala Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro, ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vilivyosomeshwa sana katika darasa za pwani. Mafakihi wa madhehebu hayo hushurutisha kwamba dibagha iwe kwa kitu kikali au chenye ukakasi, kama vile maganda ya komamanga au ya aina ya mgunga iitwayo qaradhi kwa Kiarabu. Jua, udongo na chumvi havitoshi. Na kipimo chao ni hiki: ngozi ikirowekwa majini, uvundo usirudi. Ni kipimo kile kile tulichokieleza hapo juu kwa lugha ya kolajeni. Kiarabu, aidha, kina majina mawili: ihabu ni ngozi kabla ya dibagha na adimu ni baada yake.

4.0 Ukale wa kazi

Ngozi huoza, na kwa hiyo historia yake imeandikwa zaidi na zana kuliko ngozi zenyewe. Katika pango la Contrebandiers, pwani ya Moroko, yamepatikana mabaki ya zana za mifupa za kuparia ngozi na manyoya zenye umri wa kati ya miaka 120,000 na 90,000, pamoja na mifupa ya mbweha na paka-mwitu yenye alama za kuchunwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021, nao unaiweka kazi hii barani Afrika kabla ya mabaki yoyote ya kiatu duniani.

Kiatu cha kale cha ngozi kinachojulikana zaidi kilipatikana mwaka 2008 katika pango la Areni-1, Armenia. Ni cha miaka 5,500 hivi iliyopita, kimekatwa katika kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kina kamba mbele na nyuma, na ndani yake kilijazwa majani. Yule mtu aliyegandishwa na barafu katika milima ya Alpi, aliyegunduliwa mwaka 1991 na kupewa jina la Ötzi, alivaa takriban wakati uo huo, na uchunguzi wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kofia yake ilikuwa ya dubu, podo lake la mishale la paa, koti lake la mbuzi na kondoo, na kamba ya kiatu chake ya ng'ombe. Huo ni ujuzi, si kubahatisha: kila mnyama alipewa kazi inayofaa ngozi yake. Ninapomwona fundi wetu akigeuza kipande cha ngozi, akikivuta huku na huku kabla ya kukata, namkumbuka mtu huyo.

Huko Misri, katika kaburi la Rekhmire, waziri wa karne ya 15 kabla ya Kristo, kuta zimechorwa mafundi wakiroweka ngozi katika mtungi, wakiilainisha kwa kuivuta juu ya kigogo, wakikata nyayo za ndara na kuzitoboa. Zana zao zinatambulika leo bila maelezo.

Pwani yetu inaingia katika maandishi na zana hizo hizo. Periplasi ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja bidhaa zilizoletwa katika masoko ya Azania: mikuki, vishoka, visu, vyombo vya kioo, na misharasi. Wanahistoria wamejishughulisha zaidi na Rhapta ilikuwa wapi, na sijaona aliyeuliza misharasi ile ilitoboa nini. Huenda ilikuwa ya ngozi, na huenda ilikuwa ya mbao za majahazi ya kushonwa ambayo kitabu hicho hicho kinayataja. Kwa vyovyote watu wa pwani hii walikuwa wateja wa chombo cha mshonaji miaka elfu mbili iliyopita.

Mahali palipojulikana zaidi kwa kazi ya ngozi katika Uswahilini ni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Katika karne za 18 na 19 mji huo ulinakili misahafu yenye nakshi mahususi, na wanakili walihitaji wajalidi. Mafundi wa Siyu walishona makubadhi, mishipi na ala za majambia, wakajalidi vitabu, na bidhaa zao zikauzwa mbali na kisiwa. Katika mji kama huo elimu na ngozi hazikutenganishwa. Mtu aliyechora mapambo ya ukurasa alikuwa jirani wa aliyekanyagia mapambo juu ya jalada. Kubadhi la Lamu lenye gidamu kati ya vidole na pambo juu ya ukanda bado linavaliwa, na mwenye kulivaa amevaa mabaki ya utaalamu huo.

5.0 Mshono na marekebisho

Kati ya zana zote, moja ndiyo inayomtofautisha mshona ngozi na mshona nguo. Sindano ya nguo hutoboa na kupitisha uzi kwa tendo moja. Ngozi haikubali. Lazima tundu litangulie, na chombo cha kulitoboa ni msharasi, ambao kamusi za zamani huutaja pia kwa jina la maharazi. Nimewauliza wanafunzi wa shahada ya pili kwa miaka mitatu mfululizo maana ya msharasi. Waliojua hawakufika idadi ya vidole vya mkono mmoja. Fundi wetu hulitumia kila siku.

Mshono wa mkono unaofaa kwa mkoba au mshipi hutumia uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Uzi hupakwa nta. Sindano zote mbili hupita katika kila tundu kutoka pande zinazokabiliana, kisha nyuzi hukazwa kwa pamoja. Cherehani, kinyume chake, hufunga uzi wa juu na wa chini kwa kupitana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake hauna cha kushika na mshono hufumuka kwa urefu. Katika mshono wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, uzi wa pili unaendelea kushika. Anayeanza akadirie uzi wenye urefu mara nne ya mshono, asije akaishiwa katikati kama nilivyoishiwa mimi.

Kuhusu marekebisho, jambo la kwanza ni kuijua ngozi iliyo mkononi. Kata kipande chembamba upande usioonekana, ukichome kwa kiberiti nje ya nyumba, bila kuvuta moshi wake. Ya kromiamu huacha jivu la kijivu lenye rangi ya kijani. Ya magome hubaki kaa jeusi. Mshono uliofumuka urudishwe katika matundu yale yale ya zamani, kwani kila tundu jipya ni udhaifu mpya. Ukungu, ambao ni adui mkubwa wa watu wa Dar es Salaam na Tanga wakati wa masika, upigwe burashi nje ya nyumba ikiwa kavu, kisha ngozi iwekwe penye hewa. Mfuko wa plastiki ambao wengi huutumia kama kinga ndio unaoufuga. Mafuta yapakwe kidogo kidogo. Mafuta hulainisha nyuzi zilizokauka. Hayaunganishi zilizokatika, na ngozi iliyosinyaa kwa joto haina dawa.

Wasomaji wanaofanya kazi katika maktaba watakuwa wamekutana na ugonjwa mwingine, pale majalada ya ngozi ya karne ya 19 yanapoacha unga mwekundu mikononi. Hiyo ni ngozi ya magome iliyoliwa na asidi iliyotokana na moshi wa hewa. Jalada la namna hiyo lisipakwe mafuta hata kidogo. Lifungwe kwa karatasi safi na kushikwa kwa nadra.

6.0 Rangi

Yapo mambo mawili ambayo kwa Kiswahili yote huitwa kutia rangi. Kuna rangi inayonywewa na ngozi mpaka ndani, na kuna rangi inayokaa juu kama chokaa ukutani. Ya kwanza huonyesha vinyweleo na makovu ya mnyama. Ya pili huyaficha, lakini hubanduka kwenye mikunjo. Kwa ile ya kwanza Kiswahili kina kitenzi kizuri, kukolea: rangi imekolea. Kwa ile ya pili, kupaka kunatosha. Wapiga kiwi wa mitaani wanafanya la pili, na jina la kazi yao ni la dawa ya viatu iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1906.

Magome yenyewe ni rangi. Gome la mkandaa na la mikoko mingine hutoa wekundu wa kahawia, nalo hutumika kwa dibagha vile vile. Wajerumani walilisafirisha kwa wingi kutoka delta ya Rufiji kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya Ulaya. Miwati ya Njombe, ambayo asili yake ni Australia, ilipandwa kwa sababu hiyo hiyo na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949. Nilikulia kati ya miti hiyo, nikachuma kuni zake, bila kujua kwamba gome lake lina uhusiano wowote na mkoba uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wetu.

Rangi nyeusi ndiyo inayonipendeza zaidi kueleza, kwa kuwa haimo katika chupa. Tia misumari yenye kutu katika siki, uiache siku kadhaa bila kuziba chombo sana, kisha uchuje maji yake. Yana rangi ya chai hafifu. Yapake juu ya ngozi ya magome nayo itageuka nyeusi mbele ya macho yako katika dakika chache. Chuma kimekutana na tanini, na weusi umezaliwa ndani ya nyuzi. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Paka maji yale yale juu ya ngozi ya kromiamu, na halitatokea jambo la maana. Baada ya hapo ngozi ipakwe maji ya magadi mepesi kupunguza ukali wa siki, isuuzwe, ikauke kivulini, ndipo ipate mafuta. Chuma kikizidi, ngozi hukatika baada ya miaka.

7.0 Kuhusu istilahi

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kikao cha kupitia rasimu ya mwongozo wa ufundi wa ngozi kwa vijana. Rasimu ilikuwa na kitenzi kimoja, kusindika, kwa kila kilichofanywa na ngozi kuanzia machinjioni hadi dukani, na msharasi uliitwa kitobozi. Nilipinga yote mawili. Kuhusu msharasi nilikubaliwa bila ubishi mkubwa. Kuhusu kusindika nilipendekeza kudibaghi, pamoja na udibaghi, mdibaghi na ngozi dibaghi, nikashindwa. Wajumbe walikuwa na hoja mbili: kwamba neno ni la Kiarabu, na kwamba gh yake ni ngumu kwa watu wa bara.

Hoja ya kwanza haina uzito katika lugha inayosema kitabu, karatasi na kalamu. Ya pili inastahili heshima zaidi, nami mwenyewe nimezaliwa bara. Lakini lugha ghali na ghorofa hazikumshinda mtu. Ugumu wa kweli ambao haukutajwa kikaoni ni mwingine. Neno hili linaishi katika darasa za dini na halijulikani chini ya mwarobaini. Fundi wangu, ambaye ni Mkristo, hakuwa amelisikia. Yeye husema ngozi ya magome na ngozi ya kiwandani. Istilahi zake ni bora kuliko za rasimu kwa kuwa zinatenganisha, ila hazina kitenzi, na mwongozo wa ufundi hauwezi kuandikwa bila kitenzi. Pendekezo letu, basi, ni kuziacha ngozi ya magome na ngozi ya kromiamu zibaki majina ya aina, na kudibaghi kiwe kitenzi kinachozijumuisha, kikitengwa na kukausha, kuwamba na kushona. Kijana akifundishwa kwamba ngozi aliyonayo imedibaghiwa kwa magome, ataulizia joto la maji kabla ya kuitia katika beseni.

Mkoba wa baba bado ninao. Kifuniko kilichosinyaa kiliondolewa, na kipya kimekatwa katika ngozi ya magome na kushonwa kwa sindano mbili, katika matundu ya zamani kila ilipowezekana. Ni chekundu kuliko mkoba wenyewe. Fundi alishauri nikipake maji ya misumari kidogo, kilingane. Nimekiacha kwanza, kwa sababu ngozi ya magome huendelea kukolea yenyewe kwa mwanga na mikono.